Kazi ile ile Mwanza 520,000, Dar 800,000: hii tofauti inatoka wapi?

#1 FundiBaridi_Igoma
Wakuu habari. Jambo hili limeninyima usingizi wiki ya pili sasa, nimeona nilete hapa.

Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi, nina cheti cha VETA na miaka tisa ya kazi. Niko kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mshahara ni 520,000 kabla ya makato. Nina mke na watoto wawili, mkubwa yuko darasa la tatu. Mwezi uliopita jamaa niliyesoma naye akanipigia kutoka Dar: kampuni anayofanyia, ya kufunga na kutengeneza viyoyozi, inatafuta fundi na inatoa 800,000. Nikaongea na bosi wake kwenye simu dakika kama kumi, akasema nikiweza nianze tarehe moja.

Kuhama au kutohama nitaamua na familia, ila ushauri napokea. Kinachonitesa ni hili: hiyo 280,000 inatoka wapi? Mikono ni hii hii, cheti ni hiki hiki, spana nitabeba zile zile kwenye begi. Kinachobadilika ni kupanda basi tu. Nani anaweza kunielewesha?

#2 Kabwela_wa_Tabata
Njoo mkuu. Huku joto la Desemba mpaka Machi litakuwa linakutafutia wateja lenyewe, wewe kazi yako ni kupokea simu.

#3 NyamaganaDamu
Jibu ni gharama za maisha, msimzungushe mtu. Bosi wa Dar anajua akikupa 520,000 utarudi kwenu baada ya miezi mitatu, ndiyo maana anatia pango na nauli ndani ya mshahara. Igoma unapata vyumba viwili kwa pesa ambayo Sinza hupati hata kimoja. Usiite ongezeko hiyo, ni fidia.

#4 MhasibuTulivu
Kabla hatujafika mbali, tupige hesabu ya kinachoingia mfukoni. Watu wengi wanahama kwa mshahara wa kwenye karatasi.

Kwenye 520,000 wanakukata NSSF asilimia 10, yaani 52,000. Inabaki 468,000. Kodi ya mshahara haigusi 270,000 ya kwanza, inayozidi hapo mpaka 520,000 inakatwa asilimia 8. Kwako ni 15,840. Unapeleka nyumbani 452,160.

Kwenye 800,000 NSSF ni 80,000, inabaki 720,000. Sasa umevuka 520,000, na kinachozidi hapo kinakatwa asilimia 20. Kodi yako jumla ni 60,000. Unapeleka nyumbani 660,000.

Kwa hiyo tofauti yako siyo 280,000, ni 207,840. Ndani ya hiyo weka pango, nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na kumhamisha mtoto shule. Na hapo nimechukulia kwamba huyo bosi analipa NSSF. Umemuuliza?

#5 FundiBaridi_Igoma
Asante sana #4. Sijamuuliza, nakiri. Nilivyosikia 800,000 masikio yaliziba.

#6 DomoKaya
Mbona rahisi, kima cha chini cha Dar ni kikubwa kuliko cha mikoani. Serikali si ilipandisha hadi 500,000? Basi Dar wanafuata sheria na Mwanza hawafuati.

#7 Afisa_Faili
#6 umechanganya mambo mawili, ngoja niyatenganishe kwa sababu upotoshaji huu unasambaa sana.

Ile 500,000 ni ya watumishi wa umma. Rais aliitangaza Mei Mosi ya 2025 kule Singida, kutoka 370,000, ikaanza Julai mwaka huo. Haimhusu mtu wa kiwanda binafsi.

Sekta binafsi ina amri yake ya mishahara, nayo kwetu Tanzania Bara inagawanywa kwa sekta, haigawanywi kwa mji. Amri ya 2022 iliweka viwanda na biashara 150,000, taasisi za fedha 592,000. Iliyofuata imeanza Januari 2026, na ule wastani wa 358,322 mnaousikia ni wastani wa sekta zote kwa pamoja, usidhani kila mtu ndiyo anapata. Dar, Mwanza, Tunduma, sheria ni moja. Sheria haiwezi kuwa ndiyo iliyoleta tofauti ya mleta uzi.

#8 Chumvi_ya_Likoni
Salamu kutoka Mombasa. Naongezea kwa #7: sisi Kenya ndio tunaogawanya kwa mji. Nairobi, Mombasa, Kisumu na siku hizi Nakuru wana kiwango cha juu, kisha miji ya kati, kisha kwingineko kote. Kibarua wa kawaida kwenye miji hiyo mikubwa aliwekewa shilingi 16,113.75 za Kenya kwa mwezi tangu Novemba 2024, na yule wa sehemu za mwisho ni karibu nusu yake. Kwa hivyo huku mtu akikuuliza tofauti inatoka wapi, unaweza kumwonyesha kwenye gazeti la serikali. Ajabu ni kwamba nyinyi hamna hicho kifungu na tofauti mnayo vile vile.

#9 DomoKaya
Nimesahihishwa, nashukuru.

#10 Karakana_Nyakato
Mleta uzi, mimi nimekaa kwenye viwanda vya samaki Mwanza miaka kumi na nne, nimetoka nina karakana yangu. Ngoja nikwambie wasichokwambia hawa wa gharama za maisha.

Viwanda vinavyohitaji fundi wa aina yako Mwanza vinahesabika kwa vidole. Wasimamizi wake wanajuana, wanakunywa chai meza moja. Mwaka mmoja nilikwenda kiwanda cha jirani kuulizia nafasi, nikaandika barua, nikaongea na msimamizi vizuri kabisa. Nilivyorudi kwenye zamu yangu saa nane mchana, msimamizi wangu ananiambia, "Nasikia unatuhama." Barua haijakauka wino! Yule wa jirani alimpigia simu kabla sijafika getini. Wiki iliyofuata jibu likaja kwamba nafasi imejaa, na nafasi hiyo ilikaa wazi mpaka masika.

Sasa mtu ambaye hana mahali pengine pa kwenda, kwa nini umwongeze? Dar kampuni za viyoyozi ni nyingi, mitaa mizima. Fundi akinuna leo, Jumatatu yuko kwa mwingine. Bosi wa Dar anakupa 800,000 kwa sababu anaogopa utamkimbia. Bosi wako wa Mwanza haogopi chochote.

#11 NyamaganaDamu
#10 nakuheshimu, lakini kama ni hivyo walinzi wa Dar wangekuwa matajiri. Makampuni ya ulinzi Dar ni mengi kuliko ya viyoyozi, na mlinzi bado analia.

#12 Karakana_Nyakato
#11 mlinzi mmoja akiondoka getini wamesimama ishirini wanaoweza kuvaa sare yake siku hiyo hiyo. Fundi baridi akiondoka, minofu inayeyuka.

#13 Kibarua_Mstaafu
Hapo kwenye walinzi mmegusa kidonda changu.

Nilitoka Shinyanga 2014 kwa maneno haya haya, "Dar wanalipa". Nikafikia kwa binamu Gongo la Mboto. Saa kumi na moja alfajiri tunatembea kwa miguu kwenda kusimama kwenye geti la kiwanda, barabara ya Pugu. Tunakuwa mia, mia na hamsini. Msimamizi anatoka na daftari, anaangalia nyuso, ananyoosha kidole: wewe, wewe, wewe mwenye fulana nyekundu. Arobaini wanaingia, waliobaki wanarudi. Kuna wiki nilichaguliwa siku nne, kuna wiki sikuchaguliwa hata moja. Nikajifunza kuvaa fulana nyekundu kila siku, nikidhani ana mapenzi na hiyo rangi.

Nilipokuja kujumlisha mwezi mzima, nilikuwa nimepata pungufu ya nilichokuwa napata kusaidia mafundi ujenzi Shinyanga, na hapo Shinyanga nilikuwa nakula kwa mama. Kwa hiyo wanaosema Dar inalipa zaidi waseme inamlipa nani zaidi. Mwenye ujuzi, sawa. Mwenye nguvu peke yake, Dar kuna wenye nguvu wengi mno.

#14 Mwl_Kasulu
Nimefundisha uchumi miaka mingi, na mkasa wa #13 ndio nautumia darasani, ila nilikuwa sina hiyo fulana nyekundu, nitaiongeza kwa ruhusa yako.

Mwaka 1970 wachumi wawili, Harris na Todaro, waliuliza swali la kwenye miji ya Afrika, Kenya hasa: kwa nini watu wanaendelea kwenda mjini wakati wanajua ajira hakuna? Jibu lao ni kwamba mtu haangalii mshahara peke yake, anauzidisha na bahati ya kuupata. Tuseme kibarua cha geti kinatoa 10,000 na unachaguliwa siku moja kati ya mbili. Kwenye akili yako hiyo ni 5,000 kwa siku. Kama kijijini unapata 4,000 ya uhakika, utaondoka. Na mji ukiongeza ajira mia, wanakuja mia tatu.

Kenya waliwahi kuliona hili kwa macho. Mwaka 1964 serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walikubaliana kuongeza ajira kwa nguvu ili kumaliza tatizo. Watu wakamiminika kujiandikisha, kuliko nafasi zilizokuwepo.

Lakini mleta uzi siyo wa getini, ameshaitwa. Bahati yake ni karibu moja kwa moja. Kwake swali la Todaro halifanyi kazi sana.

#15 Mzee_wa_Gerezani
Mwalimu #14, wewe unasimulia ya kwenye kitabu, mimi naongeza ya kwenye lori.

Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ya nguvukazi. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini, nauza karanga na sigara za rejareja Kariakoo. Usipoonyesha kitambulisho cha kazi wewe ni mzururaji. Tulikamatwa asubuhi, tukapandishwa lori, karanga zangu zikabaki kwenye sinia barabarani, nakumbuka kuku wakizifuata. Tukapelekwa shamba. Wengi wetu ndani ya wiki chache tulikuwa tumesharudi mjini, wengine kwa miguu.

Wakubwa walidhani tunapenda mji kwa sababu ya taa. Siku nzuri ya karanga ilinipa pesa ambayo baba yangu aliisubiri mpaka auze korosho, msimu mzima. Hilo ndilo lililoturudisha.

#16 Kabwela_wa_Tabata
Shikamoo mzee #15. Tupe na mwisho wa sinia.

#17 Mzee_wa_Gerezani
Marahaba. Sinia nililikuta kwa mama ntilie wa jirani, amelitunza. Amefia Temeke, Mungu amrehemu.

#18 BintiMwanjelwa
Mnaongea Dar kama vile hakuna miji mingine. Mimi msusi. Nilianzia Mbeya, Mwanjelwa, nikaenda Dar, sasa niko Dodoma mwaka wa sita.

Dar, Kinondoni, saluni tulikuwa wasusi tisa. Mwenye saluni anachukua nusu ya kila kichwa. Mteja akiingia tunamwangalia wote tisa kwa pamoja, hata aibu huna. Bei ya rasta haipandi kwa sababu saluni tatu mbele kuna anayesuka kwa pungufu. Nikasikia serikali inahamia Dodoma. Tamko lilitoka 2016, lakini mimi sikuhama mpaka nilipoona wateja wangu wenyewe wa wizarani wanaaga. Nikawafuata.

Dodoma nilikuta akina mama wenye mshahara wa mwisho wa mwezi na wasusi wachache wanaojua mitindo wanayoitaka. Ndani ya mwaka nikapangisha kiti changu mwenyewe, sigawani na mtu. Mji mdogo, pesa kubwa. Kwa hiyo msitafute mji mkubwa. Tafuteni mahali ambako mteja wako yupo na mwenzako hayupo.

Ila pango la Dodoma nalo lilipanda na wizara, hilo sifichi. Na maji ya mgao nanunua kwa ndoo.

#19 Mwl_Kasulu
#18 umenikumbusha walimu wenzangu. Sisi ngazi ya mshahara ni moja nchi nzima, aliyeko Ilala na aliyeko Kasulu wanalipwa sawasawa. Kwa nadharia ya gharama (#3) walimu wote wangekimbilia vijijini ambako maisha ni rahisi. Angalieni matangazo ya kubadilishana vituo: wa Kigoma anatafuta wa Dar, wa Dar hamtafuti wa Kigoma. Mjini mwalimu anapata wanafunzi wa masomo ya jioni. Mimi nalima mahindi na maharage, sijutii, lakini wengi hawataki jembe.

#20 FundiBomba_Kurasini
Mleta uzi, nataka nikuulize la kiufundi kabla watu hawajakumaliza kwa nadharia. Huko kiwandani unashika mtambo gani?

#21 FundiBaridi_Igoma
Amonia mkuu. Kompresa kubwa mbili na moja ya akiba, vyumba vya kugandishia minofu tunashusha mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, ghala tunaliweka 18 chini. Zamu ya usiku niko peke yangu na kijana mmoja msaidizi. Bomba likivuja unajua kabla ya geji kukwambia, macho yanachoma na pua inafunga, unavaa barakoa unaingia kutafuta valvu gizani. Nimeshaingia mara tatu.

#22 FundiBomba_Kurasini
Nilijua! Sasa nisikilize kwa makini.

Unasema "kazi ile ile". Siyo kazi ile ile hata kidogo. Kiyoyozi cha ukutani kina bomba za shaba na gesi ya mtungi mdogo. Amonia inakula shaba, mabomba yake ni ya chuma na yanachomelewa kwa utaalamu mwingine. Mafundi wa viyoyozi Dar wamejaa, vijana wanamaliza kozi ya miezi michache wananunua geji na ngazi, kazi imeanza. Wa amonia ni wachache. Wanaotakiwa ni viwanda vya bia, vya barafu, vya maziwa, maghala ya samaki na kamba.

Hiyo 800,000 unaiona kubwa kwa sababu unailinganisha na 520,000. Mimi nasema huyo bosi wa viyoyozi anakununua kwa bei ya fundi wa ngazi wakati wewe ni fundi wa mtambo. Miaka tisa ya amonia unaitupa, unakwenda kuning'inia ghorofa ya nane unafunga mashine ya chumba cha kulala cha mtu.

Kama ni kuja Dar, njoo kwa amonia.

#23 Karakana_Nyakato
Hapo #22 umesema kweli, na umeongeza kwenye hoja yangu ya #10. Ujuzi wenyewe ndio uliomfunga. Kadiri alivyozidi kuujua mtambo ule, ndivyo alivyozidi kukosa pa kuupeleka Mwanza.

#24 NyamaganaDamu
Na mimi naongeza jambo ambalo mnalipita. Sangara wamepungua. Tangu miaka ya 1990 minofu inakwenda Ulaya, viwanda vikajengwa vingi kuliko samaki wa kuvilisha. Uvuvi haramu ukachangia, mpaka ikaja Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zikachomwa. Leo mtambo unaendeshwa chini ya uwezo wake. Kiwanda kisichopata samaki wa kutosha kitampa nani nyongeza? Mji hauna kosa, na #10 msimamizi naye labda hana kosa. Mzigo haupo.

#25 Karakana_Nyakato
#24 miaka ya samaki wengi nilikuwepo. Nyongeza haikuja hata wakati huo.

#26 Mtoto_wa_Sengerema
Kwa nini wote mnamtazamisha mashariki? Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, siku hizi Geita unavuka bila kusubiri kivuko. Kambi za migodini zina viyoyozi, majokofu ya jikoni, maghala. Sekta ya madini ina kima chake cha juu kuliko viwanda. Familia inabaki Igoma, wewe unarudi kwa rosta.

#27 Afisa_Faili
#26 ni wazo zuri, ila aangalie mkataba atasaini na nani. Mara nyingi fundi wa huduma za kambi anaajiriwa na mzabuni, siyo na mgodi, na mshahara wa mzabuni ni habari nyingine.

#28 Kijana_wa_Kihonda
Mimi naona mnazunguka tu. Wanaolipwa vizuri Dar ni wale waliothubutu kuondoka. Mchapakazi anaondoka, mvivu anabaki, halafu mnasema mji unalipa. Mchukue huyo mchapakazi mrudishe Morogoro, atapata pesa Morogoro.

#29 Kibarua_Mstaafu
#28 mdogo wangu, mimi nilithubutu. Soma tena #13.

#30 Kijana_wa_Kihonda
Nimesoma kaka. Niwie radhi, sikumaanisha wewe.

#31 Mama_Wawili
Nimesoma uzi wote, post thelathini, hakuna hata mmoja aliyeuliza: mke wako anafanya kazi gani?

#32 FundiBaridi_Igoma
Dada #31, ni kweli. Anauza dagaa, soko la Mwaloni Kirumba. Ananunua kwa jumla, anapembua, anachekecha mchanga, anawauzia wanaopeleka Dodoma na Morogoro. Ameanza na gunia moja 2019, sasa anazungusha matano mpaka saba. Mwezi mzuri anapata 300,000 safi, mwezi mbaya 120,000.

#33 Mama_Wawili
Basi hesabu ya #4 haijakamilika. Mwanza nyinyi hamuishi kwa 452,160. Mnaishi kwa hiyo pamoja na dagaa. Dar mtaishi kwa 660,000 peke yake mpaka mama apate pa kuanzia, na soko la Mwaloni halihami. Wateja wake wanamjua kwa sauti ya simu. Mimi nilimfuata mume Arusha nikiacha genge langu Tanga, ilinichukua miaka miwili kupata wateja wa kunisalimia kwa jina. Mshahara wa mume uliongezeka, na sisi tukapungukiwa. Kwa miaka miwili nilikuwa naomba hela ya vocha.

#34 MhasibuTulivu
#33 umenisahihisha, nakubali. Ukichukua hata mwezi mbaya wa dagaa, 207,840 inabaki 87,840 kabla ya pango. Mwezi mzuri, anahamia kwenye hasara.

#35 FundiBomba_Kurasini
Ndiyo maana nasema 800,000 haitoshi.

#36 Afisa_Faili
Mleta uzi, mambo ya kisheria, uyaandike mahali.

Unalipwa kwa mwezi, notisi yako ni siku 28, usiondoke kimya kimya. Ukiacha kazi mwenyewe hulipwi malipo ya kuachishwa, yale ya mshahara wa siku saba kwa kila mwaka ni ya anayeachishwa na mwajiri. Miaka tisa yako hapo unaiacha mezani. Uanachama wa NSSF unahama nao, michango haipotei.

Huko unakokwenda, miezi sita ya kwanza huna kinga ya kuachishwa isivyo halali. Wanaweza kukupa mkono wa kwaheri mwezi wa tano. Na kwenye mkataba hakikisha pameandikwa kwamba umeajiriwa ukitokea Mwanza. Wakikuachisha, sheria inawataka wakusafirishe wewe na mizigo yako mpaka mahali walipokuajiri. Pakiandikwa Dar, utajisafirisha.

#37 FundiBaridi_Igoma
Asanteni wote, nimeandika kwenye daftari kweli. Nimekaa siku nne bila kuingia hapa, yametokea haya.

Nilimpigia bosi wa viyoyozi nikamuuliza la NSSF. Akasema "hiyo tutaangalia baada ya mwaka". Nikamuuliza la mkataba, akasema miezi mitatu mitatu. Na 800,000 imo nauli ya kuzunguka kwa wateja.

La pili, habari zimefika kiwandani, sijui kwa njia gani. Jumatano msimamizi ameniita chumba cha mitambo, akafunga mlango, akaniambia wanaweza kunifikisha 620,000 kuanzia mwezi ujao. Miaka mitatu naomba nyongeza naambiwa bajeti hakuna.

#38 Karakana_Nyakato
Kumbe ilikuwepo! Sihitaji kuongeza neno.

#39 NyamaganaDamu
Haithibitishi chochote #38. Wamepiga hesabu ya kumpata mwingine wa amonia wakaona ni ghali zaidi. Hiyo ni thamani ya ujuzi, aliyosema #22.

#40 Karakana_Nyakato
Na ujuzi huo mwaka jana haukuwepo? Alivuta hewa ile ile mwaka jana.

#41 Mwl_Kasulu
Mnaweza kuwa sahihi wote wawili, na bado hatujajibu kwa nini yule wa Dar anaweza kulipa 800,000 bila NSSF. Labda analipa kwa kutolipa michango. Asilimia 10 ya mwajiri nayo ni pesa.

#42 Kabwela_wa_Tabata
Labda pia mafundi wake hawakai. Mtu anayeajiri kwa simu dakika kumi, waliotangulia wako wapi?

#43 FundiBaridi_Igoma
Hilo #42 nimemuuliza jamaa yangu, akanyamaza kidogo halafu akasema wameondoka watatu tangu Juni.

Nina likizo ya wiki mbili. Nakuja Dar kuona kwa macho, na #22 amenitumia ujumbe pembeni kuna mahali pa amonia atanipeleka nikaongee nao. Mke amesema nikienda nisiende mikono mitupu, nibebe gunia moja la dagaa nione soko lake.

#44 Kabwela_wa_Tabata
Ukishuka stendi ya Magufuli Mbezi nipigie. Mimi kilo tatu, waliochekechwa mchanga.

#45 Mama_Wawili
Anauzaje kilo? Nina ndugu Kimara, weka tano.

#46 FundiBomba_Kurasini
Kazini kwangu tuko kumi na moja. Andika kumi, tutagawana.

#47 Mzee_wa_Gerezani
Mimi mbili. Wawe wa kukaanga, meno hayaruhusu waliokauka sana.

#48 FundiBaridi_Igoma
Anaandika majina hapa pembeni yangu, amenipokonya simu. Mzee shikamoo, wa kukaanga hawakai siku mbili safarini, atakuchagulia laini. Mpaka sasa ni kilo ishirini, anauliza kama kuna mwingine.